Ovaroli Iliyompwaya Sindano

Stoo ya kile kiwanda cha unga ilikuwa na ovaroli za saizi tatu: kubwa, kubwa zaidi, na ile ambayo mtunza stoo mwenyewe aliiita hema. Ndogo haikuwepo. Haikuwepo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiomba, na hakuna aliyewahi kuiomba kwa kuwa kwa miaka mingi mwanamke pekee kwenye idara ya mitambo alikuwa Bi Spana. Na Bi Spana, nakwambia, angeona heri afe na kiu kuliko kuomba maji mbele ya wanaume wale.

Jina hilo alibandikwa na mafundi, maana spana haikumtoka mfuko wa nyuma hata siku ya mkutano. Alikuwa injinia mkuu wa mitambo, mwenye ofisi yake na feni yake, lakini ofisini alipita tu kama mtu aliyesahau funguo. Ukimtaka, ulisikiliza ni mashine gani inalalamika, ukamfuata huko. Alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida, mabega membamba, na ovaroli ile ya wanaume alikuwa ameishinda kwa ujanja: mikono kaikunja mara tatu na kuibana kwa rababendi, miguu ya suruali kaisokomeza kwenye soksi, mabuti kayajaza matambara vidoleni. Waliomkuta kazini walidhani alizaliwa nayo.

Tena alijivunia. Alipoanza kazi, kwingine kabla ya hapo, alishonesha suruali iliyomkaa na shati lililomkaa, akaenda kwenye ujenzi kifua mbele kama injinia mwenzao. Basi mafundi wakaacha nondo wakatazama suruali. Siku ileile msimamizi akamwita pembeni, kwa upole mkubwa, akamwambia kwamba kwa usalama wake ingefaa akae ofisini achore. Akachora mpaka akakaribia kuota kutu. Alipohamia kiwandani akajiapia: hawa hawataona kiuno, hawataona kifua, wala hawatasikia kinywani mwangu maneno "sisi wanawake". Akachukua hema akaliingia. Wanaume wakasema huyu atachoka. Hakuchoka, waliochoka ni wao, kumngojea achoke.

Mambo yakaenda hivyo mpaka akaja yule binti.

Alitoka chuo moja kwa moja, injinia mpya, miwani usoni, mwembamba hata ukimtazama kwa upande unamkosa. Mtunza stoo akampa ovaroli kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Alipotoka nayo, Mzee Fyuzi alisimamisha kazi. Mzee Fyuzi alikuwa fundi umeme, na mdomo wake haukujua likizo. "Jamani," akasema, "sindano nimeziona nyingi, lakini iliyovaa gunia ndiyo kwanza." Watu wakacheka, binti akacheka nao, na jina likamganda palepale: Sindano. Bi Spana naye alicheka, na akampenda kwa sababu hakununa.

Alimfundisha mwenyewe, ofisini, mlango umefungwa. "Kunja mara tatu, siyo mbili. Ya tatu ndiyo inayoshika. Rababendi hapa, juu kidogo ya kifundo. Kwenye buti utajaza tambara la pamba, maana la nailoni litakuchemsha miguu." Alimkunja mkono mmoja, akamwacha akunje wa pili peke yake, akakagua, akaufungua, akamwambia arudie. Ungewaona ungedhani ni mama anamvalisha mwanawe siku ya kwanza ya shule. Bi Spana hakujaliwa mtoto wa kike, ana wavulana wawili tu, na mafunzo yale yalimpa raha ambayo hakumwambia mtu.

Ila mikono ya Sindano ilikuwa myembamba mno. Rababendi iliyombana Bi Spana sawasawa, kwake ama iliteremka, ama akiizungusha mara mbili ilizuia damu vidole vikafa ganzi. Akavumilia, akavumilia, kisha akarudi ofisini.

"Dada, nafikiria kwenda kwa meneja."

"Kufanya nini?"

"Kuomba waagize saizi ndogo. Nimeulizia, zipo madukani. Zipo mpaka zilizokatwa kwa ajili ya wanawake. Au basi nipunguze hii nyumbani, mama yangu anajua kushona."

Bi Spana akaweka chini kikombe cha chai. "Kaa kwanza, mdogo wangu. Humu wanatungoja tuombe. Leo utaomba nguo, kesho watasema basi na nyundo ni nzito, keshokutwa watakuonea huruma wakukalishe kwenye meza uchore. Mimi huruma hiyo naijua. Na ukiipunguza ikukae, hawatatazama kazi yako, watakutazama wewe."

"Lakini mkono unateremka nikiwa kazini. Kusema kweli, dada, naogopa."

"Woga unazoeleka," akasema Bi Spana. "Tia rababendi mbili."

Sindano akasema, "Sawa, dada," akatoka, na habari ile hakuileta tena. Bi Spana akamaliza chai yake akiwa na furaha. Ungemuuliza siku ile, angekuapia kwamba amemwokoa mtoto wa watu.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mkanda mrefu wa kupandisha mahindi juu ya kiwanda, na mkanda ule ulikuwa umeanza kuvuta upande. Mkanda ukivuta upande huunyooshi ukiwa umezimwa. Lazima uwe unakwenda, nawe usimame kando ya roli, lile gogo la chuma linalouzungusha, ugeuze bolti kidogo kwa spana, utazame, ugeuze tena. Si kazi kubwa, bali inataka mkono mtulivu, na mkono wa Sindano ulikuwa mtulivu kuliko wa mafundi wote. Bi Spana akamtuma juu. Mzee Fyuzi akapanda naye kusimama penye swichi, na Bi Spana akabaki chini kutazama mkanda unavyojirudi.

Ukawa unajirudi vizuri kabisa. Halafu ukasimama. Halafu akamsikia Mzee Fyuzi, yule mtu wa mzaha, akimwita kwa sauti ambayo hakuwahi kumjua nayo.

Alipofika juu alimkuta Sindano amekaa sakafuni kwenye vumbi la mahindi, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani, miwani imeanguka, uso hauna rangi. Mkono wa ovaroli ulikuwa umekunjuka wote ukaingia kwenye roli, ukavuta na kilichokuwa ndani yake. Mzee Fyuzi alizima upesi. Angechelewa, tungekuwa tunasimulia msiba. Rababendi zote mbili zilikuwa pale chini, zimekatika. Sindano aliinua macho akamwona mkubwa wake, akasema, "Samahani, dada." Jamani, mtoto yule aliomba samahani.

Vidole viwili vya mwisho havikuokoka, na mfupa wa kifundo ulivunjika. Bi Spana alikwenda hospitali na ovaroli yake vilevile, na kwenye ujia, nje ya wodi, akasimamishwa na mwanamke mfupi mwenye kanga mabegani.

"Wewe ndiye Bi Spana," yule mwanamke akasema. "Nimekujua kwa nguo. Mimi ndiye mama yake."

Bi Spana akaanza kusema pole, mama yule akamkatiza kwa kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nyumbani kwetu hakuna habari nyingine ila yako. Dada kasema hivi, dada kanionyesha vile. Hata nilipomwambia alete hiyo nguo niipunguze akakataa katakata. Akaniambia, mama, dada amesema hapana. Nikasema basi, kama mkubwa wake ameshasema, mimi wa jikoni nijue nini? Mungu akulipe, mwanangu, kwa kunilelea mtoto."

Bi Spana alitamani mama yule amzabe kofi. Kofi angelipokea na angejua la kufanya nalo. Shukrani ile aliibeba mpaka ndani ya wodi, na ilikuwa nzito kuliko mota yoyote aliyowahi kuinua.

Sindano alikuwa macho. Mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. "Meneja alikuja," akasema. "Nimemwambia nilikunja vibaya."

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Si ndivyo? Wewe unakunja hivyohivyo kila siku, miaka yote hii, na hakuna kilichokupata. Mimi nitakuwa nilikosea mahali."

Bi Spana akamtengenezea mto, akaaga.

Maana kilishampata. Hapo ndipo penye donda lenyewe, wala si kwenye rababendi. Mwaka wake wa pili pale kiwandani, mkanda uleule, roli ileile, mkono wake wa ovaroli ulikunjuka ukamezwa. Kilichomwokoa ni uchakavu: nguo ilikuwa kuukuu, nyuzi za begani zikaachia, mashine ikaondoka na kitambaa yeye akabaki na mkono. Alisimama pale mkono mtupu. Hapakuwa na mtu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaivua ovaroli akaitupa jalalani, akaenda stoo akasema amemwagikiwa asidi ya betri, apewe nyingine. Akapewa hema jingine. Siku hiyo ndipo alipogundua kukunja kwa tatu.

Hakumwambia mtu, na sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Mwanamume akiponea chupuchupu, huo ni mkasa wa kusimulia wakati wa chakula, watu wakashika mbavu. Mwanamke akiponea, ni ushahidi. Angemwambia nani, ili arudishwe kuchora? Basi akanyamaza, na ukimya ukamzoea. Lakini siku ile binti aliposema naogopa, Bi Spana hakuwa na haja ya kuuliza anaogopa nini. Alijua. Alijua mpaka sauti ya kitambaa kinavyochanika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu yeye alificha maradhi, na kilichoumbuliwa ni mkono wa mtoto wa mwenzie.

Nyumbani alikaa mezani akalitazama bakuli mpaka chakula kikapoa. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, aliyezoea kusubiri wanafunzi wafike wenyewe kwenye jibu. Akasubiri. Bi Spana akamweleza yote, pamoja na lile la asidi, ambalo hata yeye hakuwahi kuambiwa.

"Kikao cha nidhamu ni lini?" mumewe akauliza.

"Wiki ijayo, akishatoka hospitali."

"Watamfanya nini?"

"Yuko kwenye kipindi cha majaribio. Ikiandikwa uzembe, ameondoka. Na akiondoka kwa uzembe, na mkono ule, nani atamwachia mashine tena? Injinia amekwisha kabla hajaanza."

"Na wewe wakijua?"

"Ukuu watanivua. Labda na kazi."

Mumewe akakusanya vyombo, chake kitupu na cha mkewe kimejaa. "Sasa unaniuliza nini?"

"Sijakuuliza kitu."

"Nami naona hivyo," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Alilala akageuka, akalala akageuka. Alijaribu kujitetea, maana mtu hakosi wakili kichwani mwake. Hukumlazimisha. Ni mtu mzima, ana shahada. Angeweza kwenda kwa meneja bila ruhusa yako. Wakili akasema mengi na yote yalikuwa na sura ya ukweli. Lakini kila alipotaka kusinzia likamrudia lile "Sawa, dada". Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu, na ndicho kilichomvunja.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha meneja. Alikuwepo meneja, Mzee Fyuzi aliyeitwa kama shahidi, Bi Spana, na Sindano mwenyewe, ambaye alikuwa ametoka hospitali, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alivaa gauni. Hawakuwahi kumwona na gauni, na bila lile gunia alionekana mtoto wa shule aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kiti alichopewa kilikuwa mwisho wa meza, peke yake.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni aliisoma pole pole. Mikono ya ovaroli iwe imeteremshwa na kufungwa vifungo kwenye kifundo cha mkono muda wote mfanyakazi awapo karibu na mashine inayozunguka.

"Yako ilikuwa imekunjwa?" akamuuliza Sindano.

"Ndiyo."

"Kanuni ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Basi sioni kama tuna mjadala mrefu, na pole sana binti yangu. Injinia mkuu, kwa upande wako ilikuwa hivyo?"

Ndiyo moja tu ilitakiwa. Hata isingekuwa uongo. Bi Spana alihisi neno limekaa tayari mdomoni, jepesi, na aliona jinsi mambo yatakavyokwenda akilitamka: watainuka, watampa Sindano pole kwa mara ya mwisho, na yeye atarudi kwenye mashine zake akiwa vilevile. Mzee Fyuzi alikuwa anatazama viatu vyake. Sindano alikuwa anamtazama yeye, bila lawama yoyote, kama mtu anayemngoja dada yake amsaidie kumaliza jambo la aibu haraka.

"Ilikuwa imekunjwa," Bi Spana akasema. "Nilimfundisha mimi."

"Kumfundisha nini?"

"Kukunja. Akifunga vifungo kama kanuni inavyotaka, mkono wa nguo unamfunika vidole vyote, spana ataishikia wapi? Alinieleza. Alitaka kuja kwako kuomba saizi ndogo, nikamzuia. Alitaka kuipunguza kwao, nikamkataza. Aliniambia anaogopa, nikamwambia atazoea."

Meneja akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kumtupia kamba aliyeanguka mtoni. "Injinia, usijitwishe mzigo usio wako. Huo ni moyo wa mama. Lakini tuwe wakweli: wewe umevaa nguo hiyohiyo, umekunja hivyohivyo, mbele ya mashine hizohizo, na miaka yote hii hujapata hata mkwaruzo. Kwa hiyo nguo si tatizo. Tatizo ni aliyeivaa."

Unaona mambo hayo? Sifa aliyoijenga miaka na miaka kwa jasho, ile ya mwanamke asiyelalamika, sasa ndiyo ilikuwa inamfukuzisha kazi mtoto wa watu. Kama Bi Spana aliweza, kwa nini huyu asiweze? Swali hilo ndilo lililowahi kumfurahisha kuliko yote, na siku ile ndilo lililomchoma kuliko yote.

Akapiga moyo konde. "Nimewahi," akasema. "Roli ileile. Iliutafuna mkono wa ovaroli mpaka begani. Kilichoniokoa ni kwamba nguo ilikuwa imechakaa. Nikaitupa, nikamdanganya mtunza stoo kwamba ni asidi, nikanyamaza. Nilijua mashine ile inaweza kufanya nini, nikamtuma yeye akiwa amevaa vile."

Mzee Fyuzi akainua kichwa. "Ovaroli isiyo na mkono," akasema taratibu. "Kumbe ilikuwa yako? Mimi niliiokota jalalani nikaifanya dasta." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Lakini kwa nini hukusema?" meneja akauliza, na alikuwa anashangaa kwelikweli. "Si nguo tu? Ungeniambia ningeagiza wiki hiyohiyo."

Bi Spana angeweza kumsimulia habari ya mafundi na nondo, na huruma, na kuchora. Yote yalikuwa kweli na yote yalimpata. Ila yalimpata kwingine, kwa watu wengine, na mlango wa meneja huyu hakuwahi kuugonga hata mara moja. Labda angeagiza. Labda angecheka. Sasa hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na aliyetaka kumuuliza alizuiwa.

Ndipo akageuka kumtazama Sindano. Alikuwa ametazamia nini, hata mwenyewe hakujua. Pengine machozi, pengine shukrani kidogo. Binti alikuwa amekaa wima, midomo kaibana. Ile imani iliyokuwa usoni mwake tangu siku ya kwanza ilikuwa imeondoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mzima anayefanya hesabu.

Neno uzembe halikuandikwa. Sindano akaambiwa apone, arudi, amalizie majaribio yake. Bi Spana akavuliwa ukuu, akabaki injinia wa kawaida, na ofisi yenye feni ikapewa kijana mmoja ambaye, kwa bahati, naye hakupenda kukaa ofisini. Mafundi walimpa pole kwa kunong'ona. Aliwajibu asante, na moyoni akaona adhabu aliyopewa ni ndogo kuliko aliyostahili.

Kisha ovaroli zikaja. Ndogo, zilizokatwa kwa ajili ya wanawake, mabega mahali pa mabega, mikono inakoma kwenye kifundo na kubanwa kwa lastiki. Zilikuja na mabuti. Bi Spana aliivaa ya kwake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akanyoosha mikono mbele, akaangalia vifundo vyake. Hakukuwa na cha kukunja. Alipiga hatua na buti likaenda pamoja na mguu. Alikuwa amesahau, au hakuwahi kujua, kwamba mtu anaweza kutembea kazini bila kuvuta kitu. Wala mafundi hawakutazama kiuno. Mmoja alisema tu kwamba rangi imekolea, itashika uchafu vizuri, akaendelea na kazi. Bi Spana alirudi kwenye kile chumba akakaa kwenye benchi akalia, kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi kile.

Hapo hapo ndipo Sindano alipomkuta siku aliyorudi kazini. Alikuwa amevaa ovaroli yake mpya. Ilimkaa. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu na kovu jekundu, na alishaanza kujua kuutumia. Alimsalimu kwa adabu, kisha akakaa upande wa pili wa benchi.

"Dada, nimeomba nihamie kwa Mzee Fyuzi."

"Kwenye umeme? Umeme hukuusomea."

"Nitajifunza. Meneja amekubali."

Bi Spana akajikaza. "Ni kwa sababu ya mkono?"

"Mkono ni ajali," Sindano akasema. "Hata kunizuia nisiende kuomba, nilikuelewa. Nilijua unanitakia mema. Lakini siku ile nilipokwambia naogopa, wewe ulikuwa unakijua kile ninachokiogopa. Ulikijua kuliko mimi. Ukanitazama machoni ukaniambia nitazoea."

"Ni kweli."

"Sasa nikifanya kazi na wewe, siku nikiogopa tena sitakwambia. Najijua. Nitanyamaza tu, nipande." Alisema bila hasira, akitafuta maneno, na laiti angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Kwa hiyo naona bora nihame."

Maneno yalikuwa mengi kifuani kwa Bi Spana. Alitaka kusema nimebadilika, alitaka kusema nipe nafasi nyingine, alitaka kusema wewe ni kama mwanangu. Akayameza yote, maana aliona kwamba akiyasema, binti atamhurumia, atakubali kubaki.

"Una haki," akasema. "Ila Mzee Fyuzi atakuchosha kwa maneno."

"Ameshanichosha," Sindano akasema, akatabasamu kidogo, akanyanyuka.

Baadaye, kutoka kwenye mashine yake, Bi Spana aliwaona wawili wale mwisho wa jengo. Walikuwa wanataka kufunga taa juu, na ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Sindano aliweka mguu kwenye ngazi, akaitikisa, akashuka, akamwambia Mzee Fyuzi jambo huku akitikisa kichwa. Mzee Fyuzi hakutania wala hakubisha. Aliibeba ile ngazi akaiweka kando, akaenda kuleta nyingine, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka binti akafika juu. Yote yalichukua muda mfupi tu. Bi Spana aliwatazama hadi mwisho, kisha akainama akaendelea na kazi.